Kampavani, magofu na maji ya Lindisfarne

SWALI: Mimi na mume wangu tumekodi kampavani kwa wiki moja, mwezi wa Septemba. Tunataka kupita pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza tuone magofu ya watawa: Whitby, Tynemouth na Lindisfarne. Je, tunaruhusiwa kulala Lindisfarne ndani ya gari? Halafu mume wangu anashikilia kwamba mapaa yaling'olewa na Waviking. Ni kweli? – Msomaji, Leeds

JIBU: Hapana, dada yangu, kisiwani Lindisfarne hamlali ndani ya gari. Kambi ziko upande wa bara, na kokote kwingine Uingereza msilale mahali bila idhini ya mwenye ardhi.

Kinachopaswa kukuhangaisha zaidi ni barabara. Bahari huifunika njia ya Lindisfarne mara mbili kila siku, na saa zenyewe husogea. Baraza la Northumberland hutoa ratiba ya saa salama za kuvuka. Itazame hiyo kwanza, ndipo mlipie kambi. Kuna madereva ambao huyaona maji yakiwa "bado kidogo" wakajitosa. Kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo njiani kimewekwa kwa ajili yao, na kampavani, hata iwe ndefu vipi, si jahazi.

Mimi ningechagua siku ambayo maji yanajaa mchana. Mnaingia asubuhi, njia inafungwa, wageni wa haraka wameshaondoka, nanyi mnabaki na magofu karibu peke yenu hadi maji yapwe jioni. Birika na kitanda mnavyo kwenye gari, mna haraka gani?

Sasa bwana. Ana haki nusu. Mtakatifu Aidan alianzisha monasteri ya Lindisfarne mwaka 635, na Waviking, wale mabaharia wavamizi wa Skandinavia, waliivamia mwaka 793. Lakini kuta mtakazoziona zilianza kujengwa karne ya 12, Waviking hao wameshazikwa zamani. Aliyeziacha uchi ni Mfalme Henry VIII: kati ya 1536 na 1540 alifunga nyumba za watawa nchini, madini ya risasi yaliyoezeka mapaa yakang'olewa kwa kuwa yalikuwa mali. Mawe ya Lindisfarne yakaenda kujenga ngome iliyo pale pale kisiwani. Kama lazima awalaumu mabaharia, mpelekeni Whitby: mnara wa kati wa abasia, yaani monasteri ya huko, ulianguka wenyewe mwaka 1830, lakini Desemba 1914 manowari za Ujerumani ziliupiga mji kwa mizinga na kuharibu upande wa magharibi wa abasia. Hapo egesheni juu, karibu na magofu, mshuke zile ngazi 199 kwenda mjini kwa miguu. Vichochoro vya chini si vya gari lenu. Kupanda tena ni shauri lenu.

Tynemouth watu huipita mbio, na mimi sielewi kwa nini. Magofu yako ndani ya ngome, juu ya jabali linaloingia baharini. Malcolm III wa Scotland, aliyeuawa mwaka 1093, alizikwa hapo, na upande wa mashariki kumesalia kikanisa kidogo ambacho bado kina paa lake la mawe lenye nakshi. Ingieni humo kwanza, hasa bwana. Upepo wa pale hauna adabu, kwa hiyo kama gari lina hema la pembeni, msilikunjue.