Usiniulize Nati Inakazwa Ngapi Kabla Hujasafisha Tundu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, stadi za silinda hedi zimefika, spana ya toki ninayo, niambie tu nakaza mpaka ngapi." Kwa asiyejua: stadi ni vyuma vyenye meno ya nati ncha zote mbili, vinavyosimama kwenye bloku ya injini na kubana silinda hedi, yaani kichwa cha injini; spana ya toki ni ile inayolia ikifika ugumu uliouweka. Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita, karibu kwa maneno yaleyale, nikajibiwa namba. Namba ilikuwa sahihi. Gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa na bloku, ilikufa baada ya wiki tatu.

Injini yangu ni dizeli ya lori, silinda 6 za mstari, na turbo yake nimeiongezea msukumo. Wewe unayesoma hapa unajua kinachofuata. Presha ndani ya silinda inapanda, bolti za awali zinarefuka, kichwa kinanyanyuka kidogo tu, gesi inapenya kwenye maji ya kupoza injini. Hosi ya juu ya rejeta inakuwa ngumu hata kabla injini haijapata joto. Nikanunua stadi, na sijuti. Bolti unapoikaza inavutwa na kusokotwa kwa wakati mmoja huku meno yake yakisaga chuma cha bloku. Stadi imetulia ndani ya bloku, nati ndiyo inayozunguka juu kwenye meno membamba, na stadi inavutika moja kwa moja. Mvuto unakuwa wa uhakika zaidi.

Kazi ya kufungua nairuka. Ukifika hapo utakuwa umeshachubuka vidole vya kutosha.

Ile mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, nilipuliza matundu ya bloku yanayoingia stadi kwa kompresa mara moja, nikaona yanang'aa mdomoni, nikaridhika. Nikazungusha stadi kwa mkono, zote 26. Zilisimama sawa isipokuwa mbili za nyuma, ambazo zilisimama juu kuliko zingine kwa meno mawili au matatu. Niliziona. Nikajiambia kichwa kikishakaa nati zitashika tu. Halafu ile grisi maalumu iliyokuja na stadi niliiona ni kidogo, nikapaka oili ya injini badala yake, nikakaza mpaka spana ikalia.

Vipovu vilipoanza kutoka kwenye tangi la maji, fundi mmoja mkubwa, mtu niliyemheshimu sana, alisema mbele ya vijana wake kwamba stadi ni za watu wanaojua kazi, mimi nimenunua jina tu. Sikumjibu. Hadi leo nikilikumbuka neno lile linanichoma, maana alikuwa na nafasi ya kuniuliza nilisafishaje matundu, akachagua kunicheka.

Nilifungua mwenyewe. Chini ya yale matundu mawili nilichokonoa kwa waya, likatoka tope jeusi la oili na maji, limeshikamana na magamba ya kutu. Stadi zangu zilikuwa zimekalia uchafu. Oili au maji yakibaki kwenye tundu lisilotokea upande wa pili hayana pa kwenda: hayabanwi yakapungua, na bloku inaweza kupasuka. Mimi niliponea chupuchupu.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Spana ya toki haipimi mvuto wa stadi. Inapima ugumu wa kuzungusha nati. Kwa hesabu inayotumiwa sana na wahandisi, takribani asilimia 90 ya nguvu ya mkono wako huliwa na msuguano, chini ya nati na kwenye meno, na kama 10 tu ndiyo inayovuta stadi. Sasa badilisha grisi uweke oili, msuguano unaongezeka, spana inalia kwenye namba ileile, lakini stadi imevutika pungufu.

Mara ya pili nilitumia siku nzima kwenye matundu. Dawa ya kusafishia breki, brashi nyembamba, tepu ya kusafishia meno, kile chuma chenye meno kinachozungushwa ndani ya tundu (siyo ya kukata, hiyo inakula chuma cha bloku), hewa, kisha kitambaa cheupe kwenye kijiti mpaka kitoke kikavu na cheupe. Tundu linalotokea kwenye njia ya maji, meno yake yanataka dawa ya kuziba. Stadi nikazishusha kwa mkono tu, na kila moja nikaipima urefu kwa rula. Zile za nyuma, kwa kuwa ukuta wa kebini unafanya kichwa kishuke juu yake kwa taabu, safari hii nilizipitisha baada ya kichwa kukaa. Zinazoingia kwa njia hiyo ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu huoni zimekalia nini.

Grisi yake niliipaka kwenye meno ya juu na kati ya nati na wosha. Chini ya wosha hapana, isije ikazunguka na nati. Karatasi ya stadi zangu ilisema futi-pauni (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 125, kwa hatua za 40, 80, kisha 125, kuanzia katikati kwenda nje. Nati 26 mara tatu ni mivuto 78, na kila mmoja niliuvuta polepole bila kusimama. Ukisimama njiani nati inaganda, na ukianza tena spana inaweza kulia kabla nati haijasogea. Ilegeze, uivute upya.

Mwezi huu lori limepanda mlima likiwa na mzigo kamili, na mshale wa joto haukutikisika. Nilisimama juu nikaishika hosi. Laini.

Vijana, acheni kukimbilia namba. Safisheni tundu. Mkishasafisha, safisheni tena. Stadi ikisimama juu kuliko wenzake inawaambia jambo, msiifunike kwa kichwa kama nilivyofanya mimi. Na nyie mafundi wakubwa, mtu akija na kosa lake, muulizeni alifanyaje kabla hamjamtolea maneno.

Ndugu uliyeniandikia, namba yako iko kwenye karatasi ndani ya boksi la stadi zako. Ifuate hiyo, siyo yangu, na angalia spana yako imeandikwa futi-pauni au nyutonimita, kwani 125 za kwanza ni karibu 169 za pili. Leo jioni pitisha kitambaa cheupe kwenye kila tundu mpaka chini, kisha nitumie picha ya vitambaa.