Kitambaa cha kuvaa mkononi chenye msalaba mwekundu: anza na upande wa nyuma

Ndugu, umeuliza kama kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu, ulichokinunua mnadani London, kilivaliwa na muuguzi wa kujitolea katika Vita Kuu vya Kwanza. Kabla ya kuangalia rangi, kigeuze utafute muhuri wa wino, kwa kuwa Mkataba wa Geneva wa mwaka 1906 ulitaka kitambaa hicho kivaliwe mkono wa kushoto, kitolewe na kupigwa muhuri na mamlaka ya jeshi, na mvaaji asiye na sare ya kijeshi awe na cheti cha utambulisho. Muhuri ukiwa umefifia, utazame kwa mwanga wa pembeni, na nakusihi usikifue kabisa, maana maji yanaweza kufuta ushahidi wenyewe. Kama pamoja nacho kuna beji nyeusi yenye msalaba mweupe wa ncha nane, hiyo ni ya St John, shirika la huduma ya kwanza lililoshirikiana na Msalaba Mwekundu wa Uingereza katika VAD (Voluntary Aid Detachment), yaani vikosi vya wahudumu wa kujitolea, vilivyoanzishwa mwaka 1909. Binafsi nauamini mshono kuliko maneno ya muuzaji: uzi wa poliesta haukuwapo wakati huo, hivyo ukiuona, ama kitambaa ni cha baadaye ama kimeshonwa upya. Tupatie picha ya upande wa nyuma, hasa pindo.