Kichwa kimoja, magonjwa mawili

Mdogo wangu aliumwa kichwa wiki tatu kule Urambo, nasi tukamtibu malaria mara mbili. Ulikuwa msimu wa kuvuna tumbaku, kila mtu akasema ni jua. Alipoanza kuniona niko wawili ndipo tukampandisha basi kuja Tabora mjini.

Daktari akataka kumtoa maji ya uti wa mgongo. Shangazi akagoma: "Mkimchoma hapo hatembei tena." Nikamsikiliza, siku nzima ikapotea, na naijutia mpaka leo. Sindano ile huingia chini kiunoni. Uti wenyewe, ile neva kuu iliyo ndani ya mgongo, umeishia juu yake. Nilimshika mabega amejikunja kitandani, maji yakachuruzika kwa kasi, meupe kama ya kisima. Jioni aliomba uji. Kumbe presha ya kichwani ndiyo iliyokuwa ikimtesa, na kuyapunguza maji ni tiba pia. Walimtoa mara kadhaa.

Kipimo kikasema ni fangasi wa kriptokokasi, ambao huwashambulia zaidi wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. (Alikuwa ameacha dawa za VVU za CTC, ile kliniki ya wenye VVU, hakutuambia.) Akaanzishiwa dawa za fangasi, amfoterisini na flukonazoli. Kichwa kikapoa, lakini homa za jioni na jasho la usiku vikagoma kuondoka. Ukiona hivyo, muulize daktari bila woga: je, hakuna na kingine? Mimi niliuliza. Maji yakapelekwa kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB, majibu hasi. Wakarudia kwa maji mengi zaidi, TB ikaonekana. Kwa TB ya ubongo, hasi moja haitoshi kukutuliza.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana dawa zenyewe zinagombana. Rifampisini, dawa ya TB, hupunguza nguvu ya flukonazoli, ikabidi dozi iangaliwe upya. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, husaidia kwenye TB ya ubongo, ila mojawapo, deksamethasoni, imeonekana kuwadhuru wagonjwa wa fangasi hawa. Huo ni uamuzi wa daktari, kwa hiyo usikimbilie duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Hata ARV, dawa zake za VVU, zilisubirishwa wiki kadhaa. Tulilalamika sana! Tukaelezwa kuwa kinga ikiamka ghafla, ubongo unaweza kuvimba upya. Zilipoanza, mojawapo, dolutegravir, akawa anaimeza mara mbili kwa siku, kwa sababu ya rifampisini hiyo hiyo.

Dawa za TB hii ni miezi 12, siyo 6 ya kifua. Yuko mwezi wa nane. Anayemhesabia vidonge kila asubuhi ni shangazi yuleyule.