Usimtangulize mtoto kwa bibi, mkitoka tokeni wote

Mleta mada, nimesoma mpaka hapo uliposema "namtanguliza mtoto Singida kwa bibi yake asione vipigo, mi nibaki kwanza niiweke ndoa sawa" nikaweka simu chini. USIFANYE HIVYO. Na nyie mliomjibu hapo juu "wazo zuri dada, Mungu akutangulie", nyie hamjawahi kumfuata mtoto wenu kijijini mkakuta hawajui.

Mi nilifanya hichohicho. Wa kwangu alikuwa anaelekea miaka mitatu, akisikia tu komeo la geti anaziba masikio kwa mikono miwili, hata mlango haujafunguliwa, anauliza "baba kaja?" Na mimi najiambia jamani huyu mtoto anavyompenda baba yake. Akili za ndoani hizo, acheni kunicheka.

Sasa aliyenipa huo ushauri ni mama mmoja wa kanisani, tena wa kuheshimika, kaja na kitenge kipya, chai kanywa, maandazi kamaliza, ananiambia mwanangu mtoto mdogo ana akili ya kuku, mtoe asione, atasahau, wewe pambania nyumba yako. Mama, popote ulipo, yale maandazi nakudai.

Nikampandisha basi na dada yangu. Kule bibi hana baya, maziwa yapo, anambeba mgongoni, lakini mtoto akaacha kuongea. Wakasema anaringa, baadae wakasema ana udata, ikabaki kidogo wamkate ulimi mpaka nikapiga kelele kwenye simu. Wenzake wakimsogelea anang'ata. Kojo la kitandani alilokuwa ameshaacha likarudi. Nilipopata nauli nikaenda, kajificha nyuma ya khanga ya bibi, anasukumwa asalimie, akatoka akanipa mkono akasema "shikamoo". Mimi mama yake mzazi!

Nikarudi nae mjini, na hapo ndo nilipolipa sasa. Nikienda chooni anakaa nje amelishika pindo la khanga yangu lililotokeza chini ya mlango, nikikawia kidogo analivuta. Kibarua changu cha mgahawani kikaota nyasi mana hakubali kubaki na mtu yeyote, na maneno yalirudi mojamoja, pole pole, la kwanza likiwa "usiende".

Afisa ustawi wa jamii ndo alikuja kunifungua macho. Mtoto wa umri huo hajui kujituliza, anatulizwa. Akiogopa mwili unamwaga homoni, ile kortisoli na nyingine, na anayezishusha ni mtu wake aliyemzoea, yule wa kumbeba na kumwambia nipo. Zikikaa juu kila siku usingizi unaharibika, maneno yanachelewa, baadae shuleni hatulii darasani watu wanamuita mtundu. Na ndo miaka ambayo ubongo unakua mbio, akifika miaka 2 umeshafikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwahiyo mimi na ujanja wangu nilimtoa kwenye ugomvi nikamtoa na kwa mtu pekee aliyekuwa anamtuliza, hofu akaenda nayo.

Na hilo lako la "huwa ananipiga usiku mtoto kalala" lifute kabisa. Kuna watafiti Marekani walitoa kazi yao 2013, waliwaweka watoto wa miezi 6 mpaka 12 kwenye mashine ya kupiga picha ubongo WAKIWA WAMELALA, wakawachezeshea sauti ya mtu mwenye hasira. Wale wanaotoka nyumba za ugomvi, sehemu za ubongo zinazohusika na msongo na hisia ziliitika zaidi. Wamelala, mdogo wangu.

Kuhusu kojo, usimchape wala usimtangaze kwa majirani, mpime mkojo zahanati kama ni UTI, kama sio, huenda ni hofu, na hofu haina dawa ya duka la dawa.

Sasa huyo bwana anayekutishia "mtoto ni wangu utaondoka mwenyewe", mwache ajifariji. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 125, mtoto wa chini ya miaka 7 mahakama inaanza na dhana kwamba anafaa kukaa na mama yake, akitaka vingine akathibitishe yeye. Na kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzie, hata mshenga aseme nini. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, ukatibiwe, iandikwe. Namba 116 ya watoto ni bure, piga hata usiku. Ila huyo bwana usimwambie kama unaondoka! Wengi wanaumizwa pale wanapoaga.

Mengine uliyouliza sijui ya kiwanja na gari watakuja wajuzi, mi hapo sina msaada, niliondoka na jiko la gesi tu na bado nalisifia.

Unanijibu hapahapa, PM siingiagi: kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa cha mtoto viko kwako au kavifungia kabatini kwake?