Kabla ya kupiga nyimbo za Baden Powell, funza kwanza mkono wako wa kulia

Usikinunue kitabu hicho. Umeandika kwamba umepewa jioni nzima ya kupiga nyimbo za Baden Powell, mpiga gitaa wa Brazili, na kusimulia safari yake ya muziki kati ya wimbo mmoja na mwingine, na kwamba mpango wako ni kukariri kodi zote, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kutoka kitabu cha bossa nova, ile samba laini ya Brazili, kisha mdundo utakuja baadaye. Umeuliza pia uanze na albamu zipi. Naanza na kitabu, kwa sababu hicho ndicho kitakachokuangusha mbele ya watu.

Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Mwalimu wangu alikuwa akiuza madaftari ya kodi, na alituhakikishia kwamba Baden Powell ni mfuasi tu wa João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa wa bossa nova, ila ameongeza kasi, na kwamba mkono wa kulia ungejiweka sawa wenyewe mara vidole vya kushoto vikishazoea. Nilikariri madaftari yale, nikapanda jukwaani katika hoteli moja ya pwani, nikapiga "Berimbau", "Consolação" na "Canto de Ossanha" bila kukosea kodi hata moja, na wageni wakaendelea kula na kuzungumza kana kwamba hakuna mtu aliyeketi pale na gitaa. Baada ya onyesho alinijia mgeni mmoja kutoka Brazili, mpiga ngoma, akaniambia nizibe nyuzi zote sita kwa kiganja cha kushoto, isisikike noti yoyote, ila mikwaruzo ya vidole vya kulia, kisha nipige wimbo uleule. Nilipofanya hivyo wimbo haukuwapo. Ilisikika mikwaruzo isiyo na mwanzo wala mwisho. Yeye alilichukua gitaa, akaziziba nyuzi vilevile, akapiga, na wahudumu waliokuwa wakikusanya sahani wakaanza kutikisa vichwa, ingawa hakuna noti hata moja iliyotoka. Hoteli ile haikuniita tena, na jioni zilizobaki katika mkataba wangu walipewa watu wengine.

Kwa hiyo shika hili kabla ya jambo lingine lolote: wimbo wa Baden Powell ambao huwezi kuupiga nyuzi zikiwa zimezibwa, bado hujaujua, hata kama kodi zake unazitaja usingizini.

Sababu ni hii. Samba huhesabiwa kwa mapigo mawili katika kila kipimo, na ngoma kubwa iitwayo surdo huweka uzito wake kwenye pigo la pili, wala si la kwanza. Juu yake kuna tamborim, kingoma kidogo kinachopigwa kwa kijiti, ambacho mapigo yake makali huangukia kati ya mapigo makuu, mengine yakitangulia kidogo mahali ambapo sikio linayangojea. Katika gitaa la Baden Powell, dole gumba ndilo surdo, na vidole vya shahada, vya kati na vya pete ndivyo tamborim. Dole gumba likilemea pigo la kwanza, kama tulivyozoea katika nyimbo nyingi za kanisani na za shuleni, samba inageuka kuwa gwaride. Vidole vitatu vikishuka pamoja na dole gumba kila mara, unabaki na kodi tupu zinazofuatana. Kitabu hakikuonyeshi hayo, kwa sababu kinachora miraba ya shingo ya gitaa na vitone vya vidole vya kushoto, basi. Aliyekitunga alijua hivyo na bado akaandika kwenye jalada kwamba utapiga kama Wabrazili. Hilo linaniudhi kuliko mwalimu wangu, ambaye labda yeye mwenyewe alidanganywa.

Uongo mkubwa zaidi, nao utaukuta katika dibaji ya karibu kila kitabu cha aina hiyo, ni kumfanya Baden Powell tawi la bossa nova. Tazama miaka. Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1937 huko Varre-Sai, kaskazini mwa jimbo la Rio de Janeiro, na baba yake, aliyependa sana uskauti, akampa jina la mwanzilishi wa chama hicho, yule yule aliyezikwa Nyeri. Familia ilihamia mjini Rio, mtaa wa São Cristóvão, angali mtoto mchanga. Akiwa bado mvulana mdogo alipelekwa kwa Jayme Florence, ambaye wanamuziki wote walimwita Meira, mpiga gitaa wa choro aliyekuwa katika kundi la Benedito Lacerda. Choro ni muziki wa mjini Rio uliotangulia hata samba ya redioni, na katika muziki huo gitaa halikai nyuma kusindikiza tu: nyuzi nene hutunga mistari ya besi inayojibizana na filimbi au mandolini. Hapo kwa Meira mtoto yule alijifunza vipande vya Tárrega, mtunzi Mhispania wa gitaa, kwa upande mmoja na besi za choro kwa upande mwingine, na dole gumba lake likapata akili yake mapema. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa tayari akipiga jazi katika kumbi za usiku za Copacabana. João Gilberto alitoa "Chega de Saudade" mwaka 1958. Mtu aliyekwisha kuwa mpigaji wa kulipwa kabla ya mwaka huo anawezaje kuwa mwanafunzi wa wimbo huo?

Simdharau João Gilberto hata kidogo. Yeye alichukua bendi nzima ya samba akaipunguza hadi ikabaki tamborim moja laini, dole gumba likitembea kwa utulivu chini yake, na upunguzaji ule ni kazi ya fundi. Baden Powell alifanya kinyume, maana aliirudisha bendi yote ndani ya gitaa moja, pamoja na kelele, jasho na ngozi za ngoma zake. Ukizipiga nyimbo zake kwa mkono wa João Gilberto unamvua nguo zake. Waliomchanganya na bossa nova walikuwa na kisingizio kimoja: mwaka 1962 wanajazi wa Marekani Stan Getz na Charlie Byrd waliuweka wimbo wake "Samba Triste", aliotunga pamoja na Billy Blanco, katika albamu yao Jazz Samba, kando ya "Desafinado", wimbo wa bossa nova, na tangu hapo msikilizaji wa Marekani akawaweka wote katika kapu moja. Isikilize "Samba Triste" akiipiga mwenyewe, uone jinsi dole gumba linavyosukuma.

Mwaka huohuo wa 1962 ndipo aliposhikamana na mshairi Vinícius de Moraes. Walijifungia katika nyumba ya mshairi huyo mjini Rio wakitunga wimbo baada ya wimbo, na kuna kisa kimoja ambacho unaweza kuwasimulia wasikilizaji wako: Baden alipompigia muziki wa "Samba em Prelúdio", Vinícius alikataa kuuandikia maneno kwa kuamini kwamba ni wa Chopin, mtunzi wa piano wa Ulaya, mpaka mkewe, aliyemjua Chopin vizuri, akathibitisha kwamba hakuna kitu kama hicho. Nyimbo zao za mwanzo ziko katika albamu Vinicius e Odette Lara ya mwaka 1963, iliyopangwa na Moacir Santos. Huyu Moacir Santos, mtunzi na mpangaji mweusi kutoka Pernambuco, ndiye pia aliyemfundisha Baden utunzi, na jina lake usiliache hata kama muda ni mfupi.

Hapo ndipo tunapofika Bahia, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Brazili, na hapo ndipo mkono wa kulia unapokuwa jambo la lazima kabisa. Vinícius alipewa santuri ya nyimbo za candomblé, dini ya Wabrazili yenye asili ya Afrika, samba za duara na capoeira, mchezo wa kupigana kwa muziki, kutoka Bahia, na Baden naye alikwenda huko akasikiliza kwa masikio yake. Berimbau, chombo ambacho wimbo wao maarufu umepewa jina lake, ni upinde wa waya mmoja na kibuyu, ndugu wa pinde za muziki za Angola na Kongo zilizovushwa bahari pamoja na watumwa. Mpigaji hugonga waya kwa kijiti na kuubana kwa jiwe au sarafu, akapata sauti mbili zilizo jirani, na kati ya hizo mbili kuna mlio wa tatu unaokwaruza. Wimbo wa Baden unaanza kwa kodi mbili zinazopishana tena na tena kwa sababu anaiga sauti hizo mbili. Katika daftari la mwalimu wangu ziliandikwa kodi mbili na alama ya kurudia. Nikazirudia kama zilivyoandikwa, sijui kwamba palipaswa kusikika kijiti, jiwe na kikapu kidogo cha mbegu kinachotikiswa katika mkono uleule ulioshika kijiti. Nikilikumbuka daftari lile damu hunichemka, kwa sababu mstari mmoja tu wa maelezo ungetosha kuniokoa.

Kilele cha kazi hiyo ni albamu Os Afro-Sambas, waliyoirekodi Januari 1966 kwa kampuni ndogo ya Forma, kwa mpangilio wa César Guerra-Peixe na sauti za kundi la waimbaji wanawake Quarteto em Cy. Ina nyimbo nane, na nyingi kati yake zimetajwa kwa majina ya mizimu ya candomblé: Ossanha wa majani na dawa, Xangô wa radi, Iemanjá wa bahari, Exu wa njia panda. Waimbaji wanayumba mahali pengine, na rekodi yenyewe haikusafishwa sana, lakini sibadilishi sekunde yake moja. Sikiliza "Canto de Ossanha": besi inateremka taratibu, inarudi, inateremka tena, wakati nyuzi nyembamba zinakata katikati ya mapigo, na mvutano huo haulegei mpaka wimbo ufunguke kwenye kiitikio. Ukikariri kodi zake tu utapata mteremko. Mvutano hutaupata, kwa kuwa unatoka katika umbali kati ya dole gumba na vidole vitatu.

Miezi michache baadaye, hapohapo Rio, mtayarishaji Mjerumani Joachim-Ernst Berendt alimrekodi kwa albamu Tristeza on Guitar. Ukitaka kuwaeleza wasikilizaji kwa nini watu wa jazi wanamhesabu kuwa wao, tumia hii. Ndani yake kuna "Canto de Xangô" na "Canto de Ossanha", na katikati yake kuna "'Round Midnight" ya mpiga piano wa jazi Thelonious Monk, akiwa ameifanya imwelekee yeye badala ya yeye kumwelekea Monk. Mwaka 1967 alipanda jukwaa la tamasha la jazi la Berlin katika mkutano wa wapiga gitaa uliowaleta pamoja Jim Hall, Barney Kessel, Buddy Guy na Elmer Snowden. Wenzake walikuwa na gitaa za umeme au mizizi ya blues na swing. Yeye alikuwa na nyuzi za nailoni na vidole vyake, na hakupungukiwa na kitu.

Mengine unaweza kuyapita haraka. Paris ilimpokea mapema, mwaka 1964 kampuni ya santuri ya Barclay ikatoa Le Monde Musical de Baden Powell, na "Samba da Bênção" ikaingia katika filamu ya Claude Lelouch ya mwaka 1966, Un homme et une femme, kwa sauti ya Pierre Barouh. Mwaka 1968 mwimbaji Elis Regina alishinda Bienal do Samba, shindano la nyimbo za samba, kwa "Lapinha", ambayo Baden aliitunga na kijana Paulo César Pinheiro. Aliishi miaka mingi Ufaransa, kisha Ujerumani, na wanawe Philippe na Marcel, mpiga piano na mpiga gitaa, wote walizaliwa Paris. Katika miaka yake ya mwisho aliingia katika ulokole, akaacha kutamka baadhi ya maneno ya candomblé yaliyomo katika nyimbo zake mwenyewe; lisimulie hilo kwa heshima, bila kumcheka wala kumtetea. Alifariki Rio tarehe 26 Septemba 2000.

Sasa fanya hivi. Ziba nyuzi, piga dole gumba peke yake ukihesabu moja, mbili, na uzito wote uuweke kwenye mbili, mpaka mtu aliye chumba cha pili aweze kukuambia lipi ni pigo la pili bila kukuona. Kisha ongeza vidole vitatu, pole pole, na usiache vishuke pamoja na dole gumba ila pale rekodi inapotaka. Anza na "Consolação", kwa kuwa kodi zake hazitakusumbua na mkono wako wa kulia hautapata pa kujificha, kisha "Berimbau", kisha "Samba Triste". "Canto de Ossanha" ije baada ya hizo, na "Lapinha" uiache mwisho, kwa sababu kasi yake itafichua kila uvivu wa dole gumba. Ukiwa tayari, jirekodi kwa simu nyuzi zikiwa zimezibwa, uuweke mkanda huo hapa bila kutaja jina la wimbo. Tukiutambua, nitakuandikia mwenyewe kodi zote na hutatoa hata shilingi.