Goti Linalouma Halitaki Kitanda

Ukilalamika goti hapa Dodoma, kabla hujamaliza kueleza utaambiwa: "Ute umekwisha huo. Kanywe kongoro." Nami nilikunywa. Goti la kulia lilinianza kwenye shamba la zabibu Mpunguzi, msimu wa palizi, nikichuchumaa tangu alfajiri hadi jua la utosi. Nilikunywa supu hiyo ya miguu ya ng'ombe miezi mitatu, nikanunua na poda niliyoahidiwa kwamba ingerudisha ute. Kisha nikafanya kosa kubwa kuliko yote: nikalala. Wiki tano kitandani, nikiamini goti linapumzika. Nilipoinuka paja lilikuwa limenywea, goti limekaza, na maumivu yamezidi.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Aliniuliza kama nimewahi kula mbuzi mnadani Msalato. Nani wa Dodoma hajala? Basi, akasema, kumbuka ncha ya mfupa wa paja nyama ikishaisha: ule utando mweupe unaong'aa na kuteleza. Hilo ndilo gegedu, na lako liko vivyo hivyo. Kwenye goti la mtu mzima unene wake sehemu nyingi ni milimita 2 hadi 4 tu. Ndani yake kuna maji mengi yaliyoshikwa kwenye wavu wa nyuzi za kolajeni, na seli chache, kila moja imejifungia katika kijumba chake. Mshipa wa damu hamna. Neva hamna.

Hapo nikaelewa mambo mengi kwa mpigo. Gegedu haliumi lenyewe, ndiyo maana husagika kimyakimya miaka mingi. Unachokisikia ni mfupa wa chini yake na ngozi inayofunika kiungo kwa ndani. Na kwa kuwa damu haifiki, likichubuka halifungi kama kidonda cha mkononi. Sasa linakula wapi? Kwenye ule ule ute wa kiungo. Ukikanyaga, gegedu linabanwa na maji yanatoka; ukiinua mguu, linanyonya tena, kama sifongo. Kumbe ute na gegedu ni vitu viwili, na mwendo ndio unaolisha kimoja kwa kingine. Wiki zangu tano za kitandani zilikuwa wiki tano za kulinyima chakula.

Shika sikio lako, likunje, liachie. Limerudi lilivyokuwa, sivyo? Hilo nalo ni gegedu, lakini la kunyumbuka. Ndilo pia lililo kwenye kifuniko kinachoziba njia ya hewa unapomeza. Lile laini la kwenye viungo lina ndugu zake puani, kwenye pete za koromeo la hewa na mbele ya mbavu. La tatu ni gumu, limejaa nyuzi nene: ndizo diski kati ya pingili za mgongo, na vile vipande viwili vya umbo la mwezi mchanga ndani ya goti. Watoto wana jingine la kuangaliwa sana. Karibu na ncha za mifupa yao kuna bamba la gegedu ambalo ndipo mfupa unaporefukia. Mtoto akiumia karibu na kiungo mpeleke akapigwe eksirei, usimkandekande nyumbani.

Kongoro ni tamu, endelea kuinywa ukipenda. Ila tumbo huisaga kolajeni yake kama linavyosaga maharage, na haina njia yake maalumu ya kwenda gotini. Kilichonisaidia ni kupunguza uzito na kuimarisha misuli. Ukiwa mnene, kila kilo 1 unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua. Nilipunguza ugali wa usiku na soda. Asubuhi nilikaa kitini, nikanyoosha mguu, nikahesabu 10, mara 10 kila mguu. Kisha matembezi: dakika 10 mwanzoni, baadaye kutoka Makole hadi Nyerere Square na kurudi. Maumivu yakitulia kufikia kesho yake, niliendelea. Goti likivimba, nilipunguza.

Eksirei haionyeshi gegedu, daktari husoma nafasi kati ya mifupa. Yangu imepungua upande wa ndani na haitarudi kuwa ya ujana. Lakini goti likiwa la moto, limevimba ghafla na una homa, hayo si mambo ya mazoezi: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Palizi iliyopita nilikwenda Mpunguzi na kigoda. Nilikaa, nikapalilia, na kila nilipomaliza mstari mmoja wa mizabibu nilisimama nikatembea hadi kwenye dumu la maji. Wenzangu walidhani nina kiu.