Uchumi Ukidorora: Kugawana Kazi na Vifaa kwa Hesabu

Kwa watu wengi mshahara haukatiki ghafla. Muda wa ziada huondolewa kwanza, halafu siku za kazi hupunguzwa, na mwishowe aliyekuwa na ajira ya kudumu anaitwa pale tu kazi inapopatikana, analipwa kwa kipande. Wakati huohuo kazi zilizokuwa zikilipiwa nje zinarudi nyumbani: kushona, kupaka rangi, kutengeneza pampu, kulea mtoto, kuuguza mzee. Nyumba nyingi zinajikuta zina saa nyingi na fedha kidogo, tena zinahitaji vifaa ambavyo haziwezi kuvinunua peke yake. Hapo ndipo majirani huanza kuazimana na kununua kwa ubia.

Ubia wa aina hii ni kinga kubwa, na inauma kuuona ukivunjika kwa jambo lililokuwa linazuilika. Lawama hupelekwa kwa uchoyo. Ukichunguza vizuri utakuta mashine iliharibika na hapakuwa na fungu la kuitengeneza, au daftari halikuonyesha nani aliitumia mara ya mwisho. Nia njema ilikuwepo, hesabu ndiyo iliyokosekana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri huu ni hesabu.

Bei ya kazi ya mkono

Anayetoka kwenye mshahara na kuingia kwenye kazi za vipande hukosea zaidi kwenye saa zisizoonekana. Kiti kinachochukua saa 5 kutengeneza, ukiongeza saa 1 ya kufuata mbao, saa 1 ya kwenda kupima kwa mteja na saa 1 ya kukipeleka, ni kiti cha saa 8. Ukikitoza bei ya saa 5, saa 3 umefanya bure. Juu ya hapo weka gundi, misumari, msasa na uchakavu wa msumeno. Anayesahau uchakavu anakula mtaji wake polepole, na atagundua siku msumeno unapokufa na hakuna fedha ya kununua mwingine.

Malipo ya awali yafunike malighafi yote. Nusu ya bei ni kipimo kibaya: kama malighafi ni theluthi mbili ya bei, nusu haitoshi, na mteja akikimbia umebaki na hasara pamoja na kiti asichokitaka mtu mwingine.

Nyakati hizi wateja wengi watataka kulipa kwa vitu. Kubali, ila kwa masharti mawili. Kitu kiwe kile ambacho ungekinunua hata hivyo, au ambacho una hakika unaweza kukipitisha kwa mwingine kabla hakijaharibika. Pia kiasi kikubaliwe kabla ya kazi kuanza, kwa uzito au kwa idadi, maana "nitakupa chochote" ni ahadi isiyodaika.

Cha kuuza na cha kubaki nacho

Hapa sina maneno mengi. Uza mapema kile kinachokugharimu kukitunza na hakizalishi: gari la pili, jokofu la ziada, chombo kinacholipiwa ushuru huku kimelala. Usiuze kifaa cha kazi yako. Uchumi ukianguka wauzaji wanakuwa wengi kuliko wanunuzi, kwa hiyo utauza kwa bei ya chini na siku ukikihitaji tena utakinunua kwa bei ya juu. Kama huna budi, uza nusu ya umiliki kwa mtu unayemwamini, mwandikiane nani anakitumia siku gani.

Kifaa cha ubia

Kifaa kinachofaa kumilikiwa kwa pamoja hutumika mara chache, kinavumilia mikono mingi, na hakitakiwi na watu wote siku moja. Ngazi ndefu, drili, toroli, mashine ya kukatia vigae na jeki ya gari zinafaa. Vifaa vinavyosumbua ni vile vyenye msimu, kama plau au pampu ya kumwagilia, kwa sababu kila mtu anavihitaji wiki ileile.

Kwa vifaa hivyo vya msimu, idadi ya wanachama itokane na kalenda. Tuseme muda mzuri wa kulima ni siku 14 na kila nyumba inahitaji plau siku 2. Kwa kugawanya unapata nyumba 7. Lakini plau huvunjika na mvua huharibu siku, kwa hiyo tenga siku 2 za dharura. Zinabaki 12, yaani nyumba 6. Mwanachama wa 7 anavutia kwa sababu ya mchango wake, lakini ndiye atakayelima amechelewa, na mavuno yake yakipungua atawalaumu wote kwa haki. Zamu ya mwaka wa kwanza ipigiwe kura, na msimu unaofuata aliyekuwa wa kwanza aende mwisho, wengine wasogee mbele nafasi moja.

Fungu la matengenezo lianze siku ya ununuzi. Chukua pampu ya injini iliyonunuliwa kwa uniti 1,000 za fedha yoyote ile, na mnatarajia ifanye kazi saa 2,000. Kila saa inakula uniti 0.5 za thamani yake. Ongezeni uniti 0.3 kwa oili, plagi, mikanda na fundi. Mtumiaji alipe 0.8 kwa saa, mafuta ya kuendeshea ni juu yake mwenyewe. Kwa saa 100 fungu lina uniti 80. Mchango sawa wa kila mwezi unaonekana rahisi, ila anayetumia saa 2 humlipia anayetumia saa 30, na wa saa 2 ndiye atakayejitoa kwanza. Kinachogawanywa sawasawa ni gharama za kudumu tu, kama kufuli na pango la stoo.

Bei zinapopanda kila mwezi, fungu la fedha taslimu huyeyuka. Ligeuzeni kuwa spea zitakazotumika ndani ya mwaka: oili ambayo haijafunguliwa, plagi za injini, machujio, mikanda, sili za kuzuia uvujaji. Mikanda na sili ziwekwe mahali pakavu, mbali na jua. Msirundike betri, kwa kuwa betri hufa hata ikiwa rafuni, wala petroli, ambayo huchacha na ni hatari ya moto.

Kwa injini nyingi ndogo za petroli ratiba ni hii, isipokuwa kitabu cha mashine kikisema tofauti: oili ibadilishwe baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100 au miezi 6, chochote kitakachotangulia, chujio la hewa lisafishwe kila saa 50, mapema zaidi penye vumbi. Watu hukumbuka ile ya saa 100 na kusahau ya saa 20, ambayo ndiyo inayoondoa unga wa chuma unaotoka kwenye vyuma vipya vinaposuguana. Mashine ikikaa zaidi ya mwezi bila kazi, fungeni koki ya mafuta, iacheni inguruma mpaka ijizime, kisha mwage kilichobaki kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Petroli inayobaki humo huacha gundi inayoziba tundu dogo la kupitisha mafuta, na hapo ndipo wanachama huanza kuulizana nani ameiharibu wakati hakuna aliyeiharibu. Jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, wala kibarazani karibu na dirisha: moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na inaua watu usingizini.

Daftari la kuazima liwe na safu hizi: tarehe, jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, saa ilizofanya kazi, hali wakati wa kutoka, hali wakati wa kurudi, sahihi mbili. "Nzima" haitoshi kuelezea hali. Drili iandikwe hivi: imewashwa mbele ya wote wawili, biti 6, ufunguo wa kichwa upo, waya haujachubuka. Ule ufunguo mdogo wa kukazia biti hupotea mapema kuliko kitu kingine chochote. Ufungeni kwenye waya, karibu na plagi ya umeme, ili anayebadilisha biti alazimike kuchomoa plagi ukutani kwanza. Mnaokoa ufunguo na vidole. Waya mrefu wa kuongezea umeme nao ukunjuliwe wote kabla ya kutumika, maana ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto na plastiki yake huyeyuka.

Mtunza stoo na mweka hazina wawe watu tofauti. Mmoja anaandika saa za matumizi, mwingine anapokea malipo, na mwisho wa mwezi madaftari mawili yanalinganishwa mbele ya wanachama. Namna hii inawalinda wao kuliko inavyowachunga, kwa kuwa mtu mwaminifu asiye na ushahidi wa uaminifu wake huchafuliwa jina kirahisi sana.

Kufanyiana kazi kwa saa

Fedha ikiadimika, jambo la kawaida ni kulipana kwa saa: wewe unanipakia ukuta rangi, mimi nakushonea sare za watoto, yule anatulelea wadogo. Kuna njia mbili za kuweka hesabu, vocha au akaunti, na mimi nashauri akaunti.

Vocha zina ugonjwa wake. Chama cha kuleleana watoto cha Capitol Hill, mjini Washington, katika miaka ya 1970 kilitumia kuponi za nusu saa: familia iliyotaka kutoka iliwalipa kwa kuponi waliobaki na watoto wake. Zilipokuwa chache, kila familia ilizitunza kwa dharura, haikutoka, na kwa kuwa hakuna aliyetoka hakukuwa na nafasi ya kuzichuma. Kuponi zikaongezwa, mambo yakachangamka. Baadaye zikazidi, walezi wakawa haba. Nchini Argentina mitandao ya kubadilishana ilianza Bernal, karibu na Buenos Aires, mwaka 1995, na katika mgogoro wa 2001 na 2002 ikavuta watu wengi mno. Noti zake zikachapishwa kupita kiasi, nyingine zikaghushiwa, na kabla ya 2002 kwisha sehemu kubwa ya mitandao hiyo ilikuwa imeporomoka, ikiwaachia karatasi mkononi watu ambao hawakuwa na kingine.

Mfumo wa akaunti uitwao LETS, ulioanzishwa na Michael Linton katika bonde la Comox, Kanada, mwaka 1983, hautumii noti. Ukifanyiwa kazi ya saa 3 unaandikiwa kasoro 3, aliyeifanya anaandikiwa jumlisha 3. Uzuri wake ni kwamba jumla ya akaunti zote lazima iwe sifuri. Kila mwezi jumlisheni. Mkipata kitu kingine, kuna kazi iliyoandikwa upande mmoja tu, na itafuteni siku hiyohiyo kabla watu hawajasahau.

Wekeni mipaka pande zote mbili, kwa mfano saa 20. Aliyefika kasoro 20 haombi kazi mpaka afanye. Mpaka wa jumlisha 20 ndio unaopuuzwa, na ndio unaoua vikundi. Fikiria fundi wa umeme kati ya nyumba 15. Wote wanamhitaji, yeye anahitaji kushonewa mara moja kwa mwaka. Baada ya miezi michache anadai saa 60 ambazo hana pa kuzitumia, na ataanza kusema ana shughuli. Msimwite mchoyo: mmemkopa na hamjamlipa. Akikaribia mpaka, kaeni naye mwulize ana kazi gani iliyokwama, hata kama ni kuezeka banda au kumlimia mzazi wake, mwende kundi zima siku moja. Watu 6 kwa saa 5 ni saa 30 zimelipwa. Kikwazo kikiwa fedha, sehemu ya kazi yake ilipwe taslimu kutoka kwenye fungu. Dawa ya kudumu ni mwanachama mwingine kujifunza kando yake kazi nyepesi, kama kubadilisha soketi umeme ukiwa umezimwa, ili yeye abaki na kazi nzito.

Swali la saa ya fundi na saa ya kufagia kuwa sawa litakuja. Naunga mkono usawa kwa kazi zinazofanywa kwa mikono mitupu, na nyongeza ndogo iliyoandikwa kwa anayeleta vifaa vyake. Mkianza kupima ujuzi wa kila mtu, mkutano hautakwisha.

Tengeni pia saa za wagonjwa, wazee na waliojifungua. Kila mwanachama aandikiwe kasoro 1 kwa mwezi ziende kwenye akaunti ya pamoja, na wanaohudumia hao walipwe kutoka humo. Bila akaunti hiyo mzigo unaangukia mtu mmoja au wawili wenye moyo, kwa kawaida wanawake, mpaka wachoke.

Makosa, kujitoa na kifo

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza misitu, maji na malisho ya pamoja kwa vizazi. Zilizodumu zilikuwa na adhabu zinazopanda hatua kwa hatua. Fuateni mfano huo. Aliyechelewesha kifaa mara ya kwanza akumbushwe, mara ya pili aende mwisho wa foleni, mara ya tatu asimamishwe kuazima mwezi mmoja. Faini kubwa kosa la kwanza inamfukuza jirani ambaye pengine alikuwa anauguza mtoto.

Kabla ya kununua chochote, andikeni anayejitoa anapata nini. Nashauri hivi: thamani ya kununulia, toa uchakavu kwa saa zilizokwisha kutumika, gawanya kwa hisa, kisha mlipeni kwa awamu ndani ya miezi 12 ili kifaa kisiuzwe kwa sababu ya mtu mmoja. Ile pampu ya uniti 1,000, ikishafanya saa 800, ina thamani ya 600. Kati ya wanachama 6, hisa moja ni 100. Kama lile fungu lina fedha au spea, nalo lihesabiwe vivyo hivyo. Hesabu hiyohiyo itumike mwanachama akifariki, na hati iseme waziwazi kama mrithi anaweza kuchukua nafasi yake au analipwa tu. Kila mwanachama awe na nakala ya hati iliyotiwa sahihi, na nyumbani kwake awepo mtu wa pili anayejua ilipo.